Mwasmini wa Mlango wa Jikoni

Mtu akishuka gari Garsen na kuulizia kwangu, haambiwi jina. Anaambiwa afuate ile barabara ya vumbi, apite duka la mwisho, apite vichaka vya miba vya mathenge, aendelee mpaka aone maua. Hapo ndipo. Huwezi kupotea, kwa sababu kutoka duka la mwisho mpaka kwangu kila kitu kina rangi ya vumbi, hata mbuzi.

Bogenvilia zangu zimepanda mpaka juu ya paa, nyekundu, nyeupe na ya rangi ya chungwa. Kwenye ukuta kuna hibiskasi, yale maua mekundu yanayotoa ulimi nje kama mtoto mtundu. Kwenye mtaro wa maji machafu kuna maua ya kana, marefu kunishinda mimi, na mimi si mfupi. Maharusi huja kupigwa picha hapa. Siwakatazi, bora wasivunje matawi. Na kupanda sikufundishwa darasani. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaingia kufyatua matofali, na nyumba hii nimeijenga kwa matofali yangu mwenyewe, mpaka la mwisho. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani anasoma maneno ya mtu wa kubahatisha.

Ukizunguka nyuma, karibu na mlango wa jikoni, utaona tuta la mchanga lililozungushiwa mawe. Juu ya tuta kuna kichaka kimoja cha kijani, hakifiki kifuani, majani yake ya kawaida tu. Maharusi hawapigi picha pale. Huo ni mwasmini. Huo ndio ulionishinda, na uliponikubali ulikuwa umechelewa, au mimi ndiye niliyechelewa. Hilo bado nalipigania na nafsi yangu.

Nilizaliwa kijiji cha Hewani, kando ya mto, mtoto wa mkulima. Sisi watu wa mto hatulimi kama watu wengine. Tunangoja Tana ijae, ifunike mashamba, kisha ijiondoe yenyewe na kutuachia tope. Tope lile ndilo mali yetu. Baba alikuwa akikanyaga, akiinua mguu na kuona maji yanajaa katika alama ya wayo wake, anasema sasa tayari. Tunachimba shimo refu, mgomba unaingia mpaka shingoni, tunarudisha tope, halafu tunapiga kisigino. Tunazunguka shina zima tukipiga kisigino mpaka udongo uwe kama sakafu, kwa sababu maji yatarudi tu, na mgomba uliosimama juujuu utaenda nayo mpaka baharini. Nilipokuwa mdogo nikikanyaga kwa woga, baba aliniuliza, "Wewe unapanda mgomba au unaficha yai? Piga."

Nikapiga. Nimepiga kisigino maisha yangu yote.

Maua nilianza nikiwa nimeshahamia Garsen. Nilikuwa najenga ukuta wa zahanati, na kando ya ukuta kulikuwa na kana zimetupwa baada ya kufyekwa. Nikachukua vipande vya mizizi yake katika karai la saruji, nikavipanda kwangu kwenye tope nililolileta kwa mkokoteni wa punda kutoka mtoni. Shimo refu, kisigino. Zikaota kana kwamba zilikuwa zinaningoja. Kisha hibiskasi, vivyo hivyo. Kisha bogenvilia, na hiyo hata ukiipanda kichwa chini itaota.

Watu walicheka, bila shaka. Katika sehemu hii mtu akiona kitu kimemwagiliwa anataka kujua kinaliwa vipi. Jirani yangu mmoja, Mworma mwenye mbuzi wengi, alikuwa akisimama nje ya ua wangu kila asubuhi.

"Mzee, haya utayapika na nini?"

"Na mbuzi wako, wakiingia tena."

"Wanakusalimia. Wanasema jana chumvi ilipungua."

Nikakata matawi ya mathenge yenye miba nikazungushia kila kitu. Mbuzi wakakoma, jirani hakukoma. Ndiye rafiki yangu hadi leo.

Mke wangu hakucheka, wala hakusifu. Alizaliwa kijiji cha Wema, si mbali na kwetu, lakini alilelewa Kipini na shangazi yake aliyeolewa huko kwa Waswahili. Huko ndiko alikojifunza kupika, kusema kwa upole na kuchagua. Wanawake wa Kipini jioni wanachuma asmini kabla hazijafunguka, wanazifunga kikuba pamoja na majani ya rehani, wanakivaa, na nyumba nzima inanukia mpaka asubuhi. Yeye alikua na harufu hiyo. Akaolewa na mimi, akaja kukaa na harufu ya matofali yanayochomwa.

Siku moja nilimleta nje aone bogenvilia ya rangi ya chungwa, ilikuwa imechanua mara ya kwanza. Akaitazama kwa adabu.

"Ni nzuri," akasema. "Ina kelele."

"Ua lina kelele?"

"Haya yako yote ni maua ya wapita njia, mzee wangu. Mtu anayaona barabarani anasema, hapo pana mwenyewe. Mimi nataka ua la mtu wa ndani. Nipandie mwasmini hapa karibu na jiko."

Hakuwa mtu wa kuomba. Katika ndoa yetu nakumbuka aliniomba vitu vichache mno, na hicho ni kimoja. Nikamwambia ahesabu umeshaota. Mimi ninayeotesha kana kwenye maji machafu, kijiti cha asmini kitanishinda?

Kaka yake alikileta kutoka Kipini ndani ya kopo la maziwa. Nilichimba shimo kama la mgomba. Nikaleta tope bora, lile la juu kabisa ambalo mto ulikuwa umeliacha karibuni, jeusi, laini, unalitamani hata kulila. Nikaushusha mwasmini mpaka nusu ya shina, nikafukia, nikapiga kisigino pande zote. Nikaumwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya mto, maana ya kisima yana chumvi. Hakuna mti uliowahi kupendwa hivyo katika wilaya hii. Majani yakageuka manjano, yakaanguka, shina likawa jeusi kwenye udongo. Nilipoung'oa ulinuka kama mboga iliyooza.

Nikasema mche ulikuwa mbovu. Ukaletwa mwingine. Huo niliuchimbia shimo refu zaidi, nikapiga kisigino zaidi. Ukaoza mapema zaidi. Wa tatu hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa akimwaga maji ya vyombo anaupita, anautazama, hasemi kitu. Kunyamaza kwake kulinikera kuliko kama angenitukana.

Kisha shangazi yake akaja kututembelea. Bibi mdogo wa mwili, buibui lake limepauka kwa jua, ulimi wake haujapauka hata kidogo. Alikunywa chai, akatoka kwenda kunawa, akauona mwasmini wa nne unaokufa. Akachutama. Akajaribu kuingiza kidole kwenye udongo, kidole hakiingii.

"Mkwe wangu," akaniita, "huu aliyeupanda nani?"

"Mimi."

"Hukuupanda. Umeuzika. Bado kuusomea tu."

Mke wangu akaingia jikoni haraka, nikajua ameingia kucheka.

Bibi akanieleza palepale. Mwasmini haupendi miguu yake ilale majini. Uinulie tuta, uutie mchanga, uupande juujuu, uubane kwa vidole, unywe ukauke, unywe ukauke. Mambo mepesi, hata mtoto angeyashika. Mimi nilimjibu kwamba Kipini mnapanda kwenye mchanga kwa sababu hamna udongo, sisi watu wa mto tuna udongo. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Akamaliza chai yake.

Sikujenga tuta. Nilikuwa na kazi za watu, nilikuwa na tanuri la kuchoma, na zaidi ya hayo mwanamke mgeni alikuwa amenicheka katika ua wangu. Mahali pale nikapanda kana. Zikastawi. Mke wangu akawa anamwagia maji ya vyombo kwenye kana, miaka ikaenda.

Halafu Tana ikaja. Kila mtu wa huku anajua mafuriko ninayoyasema. Mto ulikuwa na desturi ya kuishia shambani, lakini safari hii ulivuka shamba, ukavuka barabara, ukaingia kwangu kupitia mlango wa mbele kama mtu aliyealikwa. Magoti ya mke wangu yalikuwa yameshaharibika, hawezi kutembea ndani ya maji. Kijana wa watu alimbeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoka nje bila kujitanda vizuri, alibebwa mbele ya mtaa mzima leso ikielea nyuma yake. Ndani ya mtumbwi alikaa juu ya gunia la mahindi, akaangalia mbele. Nilimwambia tutarudi baada ya siku chache. Akasema, "Wewe utarudi."

Nilidhani ni uchovu.

Tulikaa sehemu ya juu, chini ya maturubai, pamoja na watu wa vijiji vyote vya chini. Binti yetu anayekaa Malindi alipopata njia ya kufika, alimchukua mama yake akatibiwe magoti. Mimi nikabaki nilinde nyumba. Kulinda nini, sijui. Samaki walikuwa sebuleni.

Maji yaliporudi mtoni nikaingia na jembe kuondoa tope ndani. Kana zilikuwa zimesimama. Hibiskasi zimesimama. Bogenvilia ilipukutika, ikachipua upya. Vyote nilivyovipanda kwa kisigino mto haukuving'oa, na nilisimama katikati ya ua nikajisifu kwa sauti, peke yangu. Nikakwangua kuta, nikapaka rangi mpya. Nikampigia simu.

"Kumekauka?" akauliza.

"Kumekauka. Nimepaka na rangi."

"Kumekauka kabisa?"

"Kabisa."

Nikasikia watoto wa binti yetu wakigombania kitu. "Magoti bado," akasema.

Mwezi uliofuata magoti bado. Baada ya mvua ndogo, magoti bado. Binti yetu akaniambia kwa siri kwamba mama anatembea vizuri, anakwenda sokoni mwenyewe na kubishana bei. Hapo ndipo nilipoelewa kinachongojewa si magoti. Nikaanza kufikiri ni kitu gani ninaweza kumwekea hapa kitakachomrudisha, kwa sababu maneno sina, nina mikono. Nikang'oa zile kana za mlango wa jikoni.

Nilikwenda Kipini mwenyewe. Shangazi yake bado yuko, amekuwa mdogo zaidi, macho yana ukungu, lakini alinijua kwa sauti.

"Mkwe, umekuja kuzika nini tena?"

"Nimekuja kuuliza, bibi."

Nadhani alikuwa na utani mwingine tayari, akaurudisha. Akanishika mkono tukaenda uani kwake, akanionyesha kwa kugusa: hapa kata, hapa usikate, mchanga uwe hivi kwenye kiganja, vidole vibane hivi, usizidishe. Wakati naondoka akanigonga mguu kwa fimbo yake. "Kisigino hiki kiache barabarani."

Nikajenga tuta. Mchanga niliuchota upande wa juu kwenye laga, mkondo wa maji ya mvua uliokauka, nikauchekecha kama wa kupigia plasta. Nikazungushia mawe. Nikapanda kwa vidole, mimi mzee wa umri huu nimepiga magoti nikibana mche kama ninayemfunga mtoto kifungo. Mguu wangu ulikuwa unawasha kutaka kukanyaga. Nikaumwagilia, nikauacha ukauke, nikautazama unavyosinyaa mchana nikajizuia kukimbilia ndoo. Kujizuia ndiko kulikonishinda zamani. Nilikuwa sijui kwamba kuna kitu unaweza kukiua kwa maji.

Jirani yangu wa mbuzi aliona miba niliyoizungushia.

"Huo mti unaulinda kama ng'ombe wa mahari."

"Ni wa mama watoto."

Hakutania tena. Siku ile aliwapitisha mbuzi wake upande wa pili wa barabara, na tangu hapo anapita huko.

Ukashika. Ukatoa majani, ukatoa vijiti, na baada ya mvua ndefu ukatoa asmini. Chache, kisha nyingi. Jioni zilipofunguka nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, harufu ikanijia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa yule mwanamke alikuwa amekosa nini nyumbani kwangu miaka yote ile. Mimi nilifikiri aliniomba pambo. Nikapiga simu nikamwambia aje aone kitu. Akauliza kitu gani. Nikasema aje tu.

Akaja na binti yetu. Aliteremka gari mwenyewe, akatembea kutoka barabarani mwenyewe, akapita bogenvilia na maharusi wawili waliokuwa wakipigwa picha, akawasalimia kama mgeni anayewasalimia wageni wengine. Sikumwambia aende wapi. Harufu ndiyo iliyomwambia. Ilikuwa alasiri inakwisha, vichipukizi vimevimba, bado kufunguka. Akasimama mbele ya tuta.

"Mchanga huu umeutoa wapi?"

"Kwenye laga."

"Nani alikuonyesha?"

"Shangazi yako."

"Alikuja?"

"Nilikwenda Kipini kumwuliza."

Akageuka akanitazama. "Wewe ulikwenda kuuliza?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka naye. Ilikuwa kama zamani. Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Ungekwenda wakati ule," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa. Nimeangukiwa na matofali mara nyingi, naweza kusema hayakuniuma hivyo.

Akachuma asmini ndani ya sahani, akakaa kwenye ngazi na sindano na uzi, akafunga kikuba. Rehani hatukuwa nayo, akatumia zile asmini peke yake. Mikono yake haikusahau chochote. Binti yetu alimpiga picha, akaambiwa aache. Nilifurahi hivi kwamba nilianza kueleza nitakavyotengeneza jiko, nitainua sakafu, nitaweka ngazi zenye vishikio kwa ajili ya magoti. Alisikiliza yote. Halafu aliinuka akaenda ukutani, akaweka kiganja pale ambapo maji yalifika. Nilikuwa nimepaka rangi mara mbili, lakini ile alama imerudi, mstari wa kahawia unaopita nyumba nzima, kwake unafika kifuani.

"Inatokea tena," akasema.

"Nitapaka nyingine."

Akatikisa kichwa, sijui ni kukubali au la.

Asubuhi nilimkuta amechutama penye tuta na kisu. Alikuwa amekata kijiti kizuri, chenye macho ya kuchipukia, na mkononi ana kopo la maziwa. Nilitazama lile kopo. Hakuna haja ya shule ili kuelewa kopo.

"Nijazie mchanga," akasema.

Nikajaza. Nikauweka mche, nikabana kwa vidole. Vidole vyangu vilifanya polepole, yeye akaningoja bila kunihimiza.

"Twende wote," akasema. "Kuna kiwanja mbele ya nyumba ya mtoto. Udongo wake mbaya, utapenda kuugombeza."

"Na haya nani atayamwagilia?"

Akayatazama yote, bogenvilia, hibiskasi, kana zinazotikisika juu ya mtaro. "Haya hayana haja nawe, mzee wangu. Umeyapanda kina. Hata mto haukuyaweza."

Ningeweza kusema ndiyo. Neno fupi. Nikaangalia nyumba, nikaona kila tofali na jua lililonichoma nikilifyatua, na kinywa kikasema nitakuja baada ya kurekebisha jiko. Yeye ananijua. Hakuuliza lini. Alipakata kopo mapajani ndani ya gari, kiganja kimeukinga mche, gari likaenda upande wa Tarasaa, njia ya Malindi.

Jiko nimelirekebisha. Sakafu nimeiinua, ngazi zina vishikio. Maharusi bado wanakuja, juzi mmoja aliniuliza siri ya kustawisha maua mahali pakavu hivi, nikamwambia ni kisigino, akadhani natania. Kila jioni asmini zinafunguka. Nimejaribu kufunga kikuba, zinapasuka mikononi mwangu. Sasa nazitia kwenye kikombe cha maji na kukiweka upande wake wa kitanda, na asubuhi zimekuwa kahawia.

Jana alinipigia simu.

"Wangu umeshika," akasema. "Umetoa majani mapya. Wako je?"

"Umejaa."

"Nani anachuma?"

Nikamwambia nachuma mimi.

"Unazifanyia nini?"

Kule kwake nilisikia mtu anamwaga maji. Nikataka kumwambia habari ya kikombe, nikaona aibu, uzee wangu huu. Nikamwambia mto umeshuka, maji hayako karibu. Akasema ni vizuri. Kisha akaniuliza tena, kwa ile sauti yake ya Kipini isiyoharakisha mtu, kama nimemaliza kile nilichokuwa narekebisha.